Sahihi Kila Ukurasa

Baba alikuwa sajini wa polisi, na nyumbani kwetu, katika kambi ya polisi ya Naguru, hakukuwa na karatasi iliyoandikwa bila kutiwa sahihi chini. Alitufunza hivyo tangu utotoni: ukurasa usio na sahihi ni wa mtu yeyote. Basi hata daftari langu la falsafa nililisaini kila ukurasa, na kiherehere hicho nusura kinitoe chuoni.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita vya mwaka wa themanini na sita vilivyoiangusha serikali. Padri aliyetufundisha alikuwa ametuonyesha jinsi wanazuoni wa kale wa Ulaya walivyobishana: kwanza unaandika hoja za mpinzani wako kwa nguvu zake zote, ndipo unajibu. Mtindo huo uliniwasha akili. Nikaandika, "Inaonekana Mungu hayupo," nikajaza kurasa nne za sababu. Jibu lilikuwa bado.

Jumamosi, baada ya chakula, nikamkuta Baba mezani, miwani puani, daftari mbele yake.

"Hii sahihi ni ya nani?"

"Yangu, Baba."

"Basi hii ni stetimenti yako. Umekubali mwenyewe, kurasa nne. Jumatatu hapana kwenda chuo."

Mama, Mkatoliki asiyekosa misa, aliendelea kukusanya sahani. Leo mumewe Mwislamu alikuwa akimtetea Mungu kwa niaba ya wote wawili. Chuo kilikuwa ndiyo furaha yangu yote.

"Baba, hayo ni maneno ya upande wa pili. Wewe ukipeleleza, unasikiliza upande mmoja?"

Alifungua ukurasa wa mwisho. "Na upande ya Mungu iko wapi?"

"Sijauandika."

"Faili haijaisha, na wewe unasaini?"

Lakini akanivutia kiti. Nikamweleza mbiombio: falsafa huanza na yale ambayo akili inayafikia yenyewe, teolojia huanza na yale aliyoyafunua Mungu, na wanazuoni wale waligombana karne nyingi ipi imtumikie mwenzake. Baba akagonga meza.

"Hiyo mimi najua. Mtu analeta ripoti stesheni. Wewe hukuona, lakini unaamini, unafungua faili. Hiyo ni dini. Halafu unapeleleza. Bila ripoti, utapeleleza nini? Na bila kupeleleza, ripoti inalala tu kwa kabati."

Nilicheka kwa furaha hadi machozi. Padri alitumia wiki tatu kutufikisha hapo, na bado nusu ya darasa walikuwa gizani.

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Yeye alishika upande wa mpinzani, tena bila huruma, hata Mama akafanya ishara ya msalaba mara mbili. Nikaandika kurasa sita za jibu, nikasaini.

Baba alizisoma zote kumi bila haraka. Kisha akachukua kalamu, akatia sahihi yake kando ya yangu, kila ukurasa, akianzia ule wa kwanza ulioandikwa "Inaonekana Mungu hayupo".

Jumatatu nilikwenda chuo.