Shamba la Mama Pembeni mwa Baraka

Nilipokuwa mtoto, upande wetu wa mji wa Baraka, kando ya ziwa, kwenye barabara inayopanda kwenda Fizi, haukuitwa mtaa. Lilikuwa shamba la mihogo la mama, nyumba yetu, na majirani wachache. Baba alikuwa amefia ziwani. Mihogo ndiyo iliyotulisha na kutupeleka shule.

Msimu wa kulima mama aliajiri vibarua. Mmoja wao alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, mama wa mapacha, ambaye hakuna aliyemshinda kwa jembe. Mama hakumwacha arudi kwake bila kula. "Muntu hawezi kulima kwangu na akalala njaa," alisema.

Kisha watu wakaanza kushuka kutoka milimani, wakikimbia mapigano, magodoro kichwani. Mama akawapa kona ya shamba karibu na barabara. "Bakae hapo mpaka kule kutulie," alituambia. Kule hakukutulia. Shitingi, yale maturubai waliyojisitiri chini yake, zikageuka kuta za udongo, na kuta zikavikwa mabati.

Kaka yangu alikuwa Misisi akichimba dhahabu. Shimo likamporomokea, akaletwa nyumbani juu ya pikipiki, mguu umevunjika vibaya. Ili atibiwe, mama aliuza parsele ya kwanza, kipande cha shamba cha kujengea nyumba. Baadaye zikafuata nyingine, mpaka ikabaki nyumba yetu tu: kwa ajili ya shule ya wadogo, kwa ajili ya paa, kwa ajili ya mwaka ambao mihogo ilioza ardhini. Kila parsele iliuzwa kwa sababu, na hakuna hata sababu moja iliyokuwa ya uongo.

Mimi nilikuwa nimejifunza kushona. Nyumba zilipozidi kusongamana nilifurahi, nikidhani watu wengi ni wateja wengi. Waliokuja hawakuleta vitenge vipya. Walileta sare ya mtoto ile ile, iongezwe kiraka juu ya kiraka. Na cherehani ziliongezeka pia, kila mshonaji akikubali bei ya chini kuliko mwenzake.

Asubuhi moja, nikielekea sokoni, nilipita njia panda ambapo wanawake husimama na majembe wakingoja wa kuwaajiri. Mama yangu alikuwa kati yao. Pembeni yake alisimama mama wa mapacha.

"Mama, unafanya nini hapa?"

"Nangoja kazi."

"Lakini mi nashona. Tutakula."

"Unashona viraka, mutoto wangu. Tuko wengi pale nyumbani."

Akaja mwanaume mmoja mwenye shamba, akachagua wenye nguvu. Alimnyooshea kidole mama wa mapacha, akampita mama.

Mama wa mapacha hakusogea. "Huyu mama tunaenda pamoja," alisema. "Ao mi sitaenda."

"Amezeeka huyu."

"Nitalima na sehemu yake."

Yule mwanaume akainua mabega, akatangulia. Wakamfuata wawili wale, majembe begani. Mama hakugeuka kunitazama, nami nikashukuru, maana nilikuwa nalia barabarani kama mtoto.

Alilima hivyo msimu mzima. Mvua zilipomalizika kifua kikaanza kumbana. Alikufa kiangazi, mchana, mama wa mapacha akimpepea kwa upande wa kitenge.

Zamani, kabla ya kuuza, alikuwa amesema tumzike mwisho wa shamba, kwenye ule mteremko unaotazama ziwa. Tulipokwenda kupatazama tulikuta jiko la mtu, na sufuria ya sombe, majani ya mihogo, ikichemka. Tukamzika makaburi ya mji.

Matangani walikuja watu wengi mno, wengine siwajui hata kwa sura. Wote walikuwa wamejenga juu ya ardhi yake. Mwenye lile jiko alinifuata, akashika mkono wangu.

"Dada, kama ningejua, ningebomoa."

Nilimwambia hana kosa. Alinunua kwa haki, na watoto wake walihitaji mahali pa kupikiwa. Nilisema hivyo na nilimaanisha. Kisha wakaniletea bukari, ugali wa muhogo, na ndagala, dagaa wa ziwani, na sikuweza kumeza hata tonge.