Maneno ya Claudia, Mke wa Baba Fleury

Baba Fleury alifuma hariri miaka thelathini hapa kwetu Croix-Rousse, mtaa wa wafumaji, macho yakamchoka, akahamia kwenye vikaragosi vya mbao. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana alivichezesha kwenye kilabu cha mvinyo, nasi tukacheka mpaka mbavu zikatuuma. Tulichokipenda zaidi ni "Jogoo wa Wakili". Mchezo wote ulikuwa kichwani mwake, maana hata jina lake hakujua kuliandika.

Ndipo serikali ikaamuru kila mchezo uandikwe nakala mbili: moja ibaki polisi, ya pili igongwe mhuri na kukaa na mchezaji. Ole wake atakayetamka neno lisilomo. Mimi nilifundishwa mwandiko na watawa, kwa hiyo akanijia.

"Benoîte, mwanangu, andika ninavyosema. Usinisafishe."

"Nikusafishe wewe, Baba Fleury? Maji ya mto mzima hayatoshi."

Alicheka sana. Lakini tulipofika pale kwenye mchezo polisi anapobisha kwa fundi viatu, sauti ikamshuka. Akaniambia ameongeza maneno ya mke wa fundi, ambayo hajawahi kuyacheza. Ndiyo maneno ambayo Claudia, marehemu mkewe, alimwambia polisi wa kweli aliyekuja kumkamata Baba Fleury mwenyewe mwaka wa ghasia za wafumaji.

"Siku hizi nasahausahau," akasema. "Hayo yaandike vizuri. Ndiyo sauti yake iliyobaki."

Mume wangu alikuwa bawabu wa ofisi hiyohiyo ya polisi, na mwandiko wangu waliujua. Niliogopa. Baba Fleury alipoyasema maneno hayo, mimi nikachezesha kalamu isiyo na wino juu ya karatasi, na yeye akafuata mkono wangu kwa macho, ameridhika. Nakala zote mbili zilikubaliwa bila swali.

Kabla hajaucheza tena, akapooza mkono wa kulia. Binti yake Pernette akarudi kutoka Saint-Étienne, akajifunza mchezo kutoka kwenye nakala yangu. Jumapili ya kwanza mzee aliketishwa benchi la mbele. Polisi wa mbao akabisha, mke wa fundi akamwamkia kwa adabu, akaingia zake ndani. Watu walicheka. Baba Fleury aliendelea kuutazama ule mlango mdogo wa turubai.

Baadaye akaniita.

"Benoîte, yale ya Claudia nilikwambia, au nilidhani tu nimekwambia?"

Pernette alikuwa pale pale, akikunja vigauni vya vikaragosi.

"Hukuniambia, Baba Fleury."

"Basi nisamehe, mwanangu, nilikuwa nakulaumu moyoni." Akakuna goti kwa mkono wake mzima. "Nimejaribu kuyakumbuka. Hayaji."

Nami siku hiyo niliyakumbuka, karibu yote, na nikanyamaza. Sasa nimebakiwa na mwanzo tu: "Pangusa viatu kwanza, bwana mkubwa, humu wanaishi watu." Nimeuandika pembeni mwa nakala, kwa wino. Baba Fleury alikufa kabla ya Pasaka, akiamini ni yeye aliyeyapoteza.