Shikamoo ya Kwenye Kioo

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo mpaka leo nikiikumbuka masikio yangu yanapata moto. Ni siku niliyomsikia mtu mzima mwenye wajukuu akiiitikia mashine. "Marahaba," alisema, akabonyeza kitufe, na uji wa sabuni wa moto, wenye kostiki kali, ukamwagika sakafuni karibu na miguu yake.

Usicheke nikikuita mwanangu. Najua sina mvi, na ndevu zenyewe zimetoka kwa kusitasita. Lakini wewe ndiyo kwanza unaanza kazi hii ya kuandika maneno yanayotokea kwenye skrini za viwandani, na mimi nimeifanya muda wa kutosha kujua inavyoumiza. Nipe ukubwa huo kwa kitambo kidogo, kisha utanirudisha kwenye rika langu.

Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba kimoja Usagara. Nilitoka kwetu Mwera, huko Pangani, na Tanga mjini sikuwa na mtu. Kompyuta nilijifunza mwenyewe, kwa laptopu ya mtumba na video za watu nisiowajua. Sikuwa na cheti hata kimoja. Asiye na cheti huogopa kila kosa dogo, maana kila kosa analiona ni ushahidi dhidi yake. Nilikuwa naandika sentensi, naifuta, naiandika upya, kisha naisomea ukuta kwa sauti nione inakaaje. Kuna siku mtu wa kwanza kusikia sauti yangu alikuwa muuza chapati wa pale kona, na magharibi ilikuwa imeshaingia.

Kiwanda kilikuwa kidogo, cha sabuni ya mche, nje kidogo ya mji. Walikuwa wamefunga mfumo mpya wa kompyuta wa kuendesha mitambo, na mimi nikapewa kazi ya kuandika ujumbe ambao mashine inamtolea opareta. Nikueleze maana yake. Kompyuta inaweza kuwasha pampu na kupima joto, yote hayo inayaona kwa waya zake. Lakini lile tangi la kupikia lilikuwa na vali moja chini kabisa, ya kufungwa kwa mkono, isiyo na waya wowote. Hiyo kompyuta haiioni. Kwa hiyo, kabla ya kuingiza kostiki kwenye mafuta ya moto, inasimama na kumuuliza mtu: vali umeifunga? Akijibu Ndiyo, inaendelea. Akijibu Hapana, inasubiri. Na kostiki, kama hujawahi kuiona, ni dawa inayogeuza mafuta kuwa sabuni. Ikikurukia mwilini, ngozi haina chake.

Mtu wa kuulizwa alikuwa Bi Mwanamvua. Alikuwa amepika sabuni pale tangu enzi za kukoroga kwa pawa la mbao, na sasa alikaa mbele ya skrini, ambayo yeye aliiita kioo. Mwenzake wa zamu alikuwa Ernesti, Msambaa wa Lushoto, mtu wa utani asiyejua kunyamaza. Saa nne walikuwa wakila pamoja, mihogo na chachandu ya pilipili kwenye sinia moja, nje ya chumba cha mitambo. Walinikaribisha. Nilisema nimeshiba. Nilikuwa na njaa, ila niliogopa wangeniuliza nimesoma chuo gani. Nikawa naingilia mlango wa stoo ili nisipite walipokaa, na chai yangu nainywea kwenye kijichumba cha makabati ya umeme, nikisikiliza vicheko vyao kupitia ukuta.

Sasa tazama nilichokifanya. Nilipofika kwenye ujumbe wa ile vali, mkono ulikataa. Maelekezo ya mfumo yalisema ujumbe uwe amri fupi. Mimi nimwamuru Bi Mwanamvua? Mtu rika la mama yangu, nimwandikie Funga, hivihivi, kama namtuma mtoto dukani? Nilihangaika na neno hilo siku kadhaa. Mwishowe nikaandika hivi, na niliona fahari kweli:

"Shikamoo. Samahani kwa usumbufu. Tafadhali, kama hutojali, tunaomba kwa heshima uhakikishe kwamba vali ya chini ya tangi imefungwa kabla hatujaendelea. Je, imefungwa?"

Niliuona mzuri hata nikaona aibu kuuacha peke yake. Nikatia shikamoo kwenye kila ujumbe, mpaka ule wa kusema mafuta yameshapata joto.

Kwenye laptopu yangu, chumbani, yote yalionekana. Kioo cha kiwandani kilikuwa kidogo. Kilionyesha mistari miwili tu, na iliyobaki ilijificha chini, mpaka uguse mshale kuiteremsha. Kwa hiyo opareta aliona shikamoo, akaona samahani, akaona tafadhali kama hutojali, basi. Mimi sikuwahi kukaa kando yake nikaona anachokiona. Ningekaa, ingebidi tuzungumze.

Siku ya majaribio meneja alikuja mwenyewe. Nilisimama nyuma kabisa, mgongo ukutani. Kazi ilianza asubuhi, na kioo kikawa kinaamkia kila mara. Ernesti akakifanya mchezo.

"Marahaba, mjukuu wangu!" alikijibu, kisha akambonyezea Bi Mwanamvua kitufe. "Mama, huyu kalelewa. Wa kwangu nyumbani hawaniamkii hivi hata siku ya Krismasi."

"Hebu toa mkono wako hapo," Bi Mwanamvua alisema, lakini naye alikuwa anacheka. Mtu wa pwani hawezi kuamkiwa akanyamaza, hata kama kinachomwamkia ni bati na waya. Ujumbe wa tano, wa sita, wote ulikuwa salamu mbele, na ukibonyeza Ndiyo kazi inasonga. Ulipofika ule wa vali, ukawa na sura ileile ya wenzake.

"Marahaba," alisema, akabonyeza.

Vali ilikuwa wazi, imezibwa tu na sabuni ya zamani iliyoganda. Kostiki iliingia juu, mafuta yakachemka, na uji mweupe ukatoka chini kwa kishindo. Bi Mwanamvua alikuwa ameinuka na kushuka ngazi kufuata ndoo. Aliruka nyuma, ukamrukia kwenye buti za mpira mpaka magotini. Ernesti akapiga kitufe chekundu cha kuzima kila kitu. Hakuna aliyeungua. Lakini nilikiona kitenge chake, ncha yake ilikuwa imetoboka kama karatasi iliyopitiwa na sigara.

Meneja alitazama kumbukumbu za mashine, akageuka.

"Umeulizwa kama vali imefungwa, umejibu ndiyo. Kumbe hujasoma."

"Nimesoma kilichokuwepo."

"Bi Mwanamvua, hii si kazi ya kukisia tena. Jumatatu utahamia kwenye kufunga sabuni. Nitaleta kijana kutoka Dar aliyezoea kompyuta."

Bi Mwanamvua alitoka nje na buti zake. Kiti kile alikuwa amekikalia kwa haki, na kilikuwa kinaondoka kwa sababu ya adabu yangu. Nami, mwanangu, miguu ikanielekeza mlango wa stoo. Nakuambia kama ilivyokuwa. Nilitaka kwenda kujifungia chumbani na kuupunguza ujumbe ule kimyakimya, mtu asijue.

Bi Mwanamvua alikuwa amekaa nje ya mlango huohuo, juu ya ndoo iliyopinduliwa, anamwagia buti zake maji. Ernesti alikuwa amesimama kando na mpira wa bomba.

"We Bakari, njoo."

Nikaenda.

"Zile salamu za kwenye kioo nani kaziandika?"

"Mimi, mama."

"Umefika hapa lini?"

"Mwezi wa mfungo sita."

"Mfungo sita. Na tangu huo mfungo sita, kwa kinywa chako, umeniamkia lini?"

Nilikuwa nikiinamisha kichwa nikipita, basi.

"Kioo kinaniamkia kutwa nzima," alisema, wala hakupandisha sauti. "Mwenye kioo anapita stoo. Mimi nilidhani una kiburi, Ernesti akasema hapana, huyo anaumwa. Kumbe heshima unayo, umeifungia kwenye waya. Kule ndani sihitaji kuamkiwa, nahitaji kuambiwa. Mwanangu akisogelea jiko siwezi kumwambia samahani kwa usumbufu. Namwambia toka! Tukishakaa ndiyo tunaulizana habari za asubuhi."

"Niliona haya kukuamuru, mama."

"Haya yako ingenichoma miguu."

Machozi yalinilengalenga. Ernesti akaona.

"Mama, mwache, kijana wa watu atalia hapa, kisha aende kutuandikia samahani nyingine tushindwe kuifikia mwisho."

Bi Mwanamvua akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyechoka. Akasukuma ndoo nyingine kwa mguu. "Kaa. Huo ujumbe usome wote, tuusikie."

Niliusoma. Kwa mara ya kwanza niliusomea watu badala ya ukuta. Nilipofika "tunaomba kwa heshima," Ernesti alikuwa ameshika tumbo, na mimi mwenyewe nikajikuta natabasamu huku kamasi zinanitoka. Nikamuuliza Bi Mwanamvua angependa aambiweje. Hakufikiri sana.

"Niambie ni vali ipi. Niambie niende nikaitazame. Kisha niulize."

Basi ikawa hivyo: Vali ya chini. Nenda kaitazame. Imefungwa? Na salamu zote nikaziondoa, kwa kuwa sasa zilikuwa zinamfichia mtu njia.

Lakini kuondoa maneno hakukumrudishia kiti chake. Nilipanda ngazi kwa meneja. Nilipiga hodi kwa sauti ndogo, hakusikia, ikabidi nipige tena. Nilimwomba ashuke aje aone. Nikasimama mbele ya kile kioo, kilichokuwa bado na ujumbe wa zamani, na kumwonyesha mistari miwili iliyoonekana, kisha nikagusa mshale nikamwonyesha iliyofichwa.

"Swali la vali liko huku chini," nilimwambia. "Mama hakukisia. Hakuulizwa."

"Na hii shikamoo ni ya nini?"

"Niliogopa kumwandikia mtu mzima amri."

Nilikuwa nangoja aniulize cheti. Hakuuliza.

"Jumatatu mnarudia," alisema. "Yeye akae palepale. Ikimwagika tena, mtakwenda kufunga sabuni wote wawili."

Jumatatu nilikaa kando ya Bi Mwanamvua, kwenye kiti, siyo ukutani. Ujumbe ukatokea, mfupi, wote ukionekana. Hakuugusa. Aliinuka, akashuka ngazi za chuma, akainama chini ya tangi. Tulimsikia akizungusha kitu. Akapanda tena, anapumua kwa nguvu.

"Walioosha tangi hawakuikaza mpaka mwisho," alisema, akaketi, ndipo akabonyeza Ndiyo. Kostiki ikaingia, mafuta yakapokea, na sakafu ikabaki kavu. Meneja akaitikia kwa kichwa, akaenda zake.

Saa nne nilikula mihogo yao.

Ningependa kukuambia kwamba tangu hapo upweke ulikwisha. Haukwisha. Kazi yetu hii ndivyo ilivyo, unaandika maneno yatakayosomwa na watu walio mahali usipokuwepo wewe. Bi Mwanamvua alistaafu, akarudi kwao Mkwaja. Ernesti amehamishiwa zamu ya usiku, tunapishana getini tu, ananipigia kelele, "Samahani kwa usumbufu!" na kupotea. Mimi bado niko chumba kilekile cha Usagara, na bado ninaandika na kufuta. Ila kabla sijaruhusu ujumbe wowote kupita, naenda kukaa kando ya atakayeusoma, nautazama kwenye kioo chake. Na asubuhi naingilia mlango wa mbele. Naamkia kwa mdomo. Mara nyingine pampu zinapiga kelele na hakuna anayenisikia, nasimama pale kama niliyesahau kilichonileta. Nimejifunza kungoja kidogo, kisha kuamkia tena.

Kwa hiyo nakuachia haya, mwanangu. Unapoiandikia mashine, kitaje kitu chenyewe, sema kiko wapi, uliza, nyamaza. Usione haya kuwa mfupi pale ambapo mtu anaweza kuungua. Na ile heshima inayokujaa moyoni usiimwage kwenye skrini, ibebe kwa miguu yako mpaka alipo mwenyewe, hata kama unaogopa, hata kama atakuuliza umesoma wapi. Kosa likitokea, usipite stoo.

Mungu akupe macho ya kuona anachokiona mwenzako. Akulinde wewe na kila atakayesimama chini ya tangi kwa neno lako. Na utakapoamkia, popote utakapokuwa, asikukoseshe mtu wa kukuitikia.