Anayesali Macho Wazi

Jirani yangu wa Makanyagio, muuza dagaa, hatulii. Hata akikaa kwenye kigoda chake mguu unatikisika, na vidole vinafunga na kufungua kamba ya dumu tupu la kuelea nalo, analolibeba kila safari ya ziwani. Kanisani sisi tunafumba macho, yeye anaangalia milango. Ni mtu wa Mwanza. Meli ya MV Bukoba ilipozama na mamia ya watu alikuwa binti. Kila mwaka siku ile huomba misa ya marehemu, na wakati wa misa yenyewe hugeuka huku na huku kwenye benchi kama aliyekalia siafu.

Juzi nilimsindikiza Karema, tuvuke kwenda kununua mzigo kambi ya wavuvi. Boti tuliyopanda ilishajaa, maji yanachungulia ukingoni, na watu bado wanapanda. Jirani akashuka, maji yakamfika kiunoni, akaikamata kamba ya boti.

"Panda, mama, tumtangulize Mungu," nahodha akamwambia.

"Hata wale wa Bukoba walimtanguliza, mwanangu. Nyie mliosimama, shukeni."

Wakamtukana. Wakamwita mchawi, mleta nuksi. Kamba hakuiachia, mpaka mzee mmoja akashuka na gunia lake, kisha wengine, wakinung'unika. Mimi pia nikashuka. Boti ikaondoka nyepesi. Pale mchangani akaanza Salamu Maria kwa sauti, macho yakiifuata. Tulipofika mwisho nikasema amina.

"Bado," akanikatiza. "Hawajafika."