Mkono wa Shangazi Barazani

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na ni kiziwi tangu utotoni. Yeye na mafundi wenzake, viziwi kama yeye, wanashonea kwenye varanda ya soko, mashine zao zimepangwa nusu duara. Mgeni hudhani wamekimbia jua. Hapana. Wamekaa hivyo ili kila mmoja amwone mwenzake, maana uzi ukikatwa tu, mikono inarudi kwenye soga. Nimekulia chini ya meza zile, na umbeya mwingi wa mtaa wetu niliupata kwa macho kabla ya masikio.

Mwaka juzi baraza la mji lilitenga kiti kimoja cha diwani kwa watu wenye ulemavu, na shangazi akapewa. Picha zikapigwa, hotuba zikamwagwa, na fundi mmoja tunayemwita Mrefu akaanza kumwita Mheshimiwa Sindano. Mkalimani nikawa mimi, kwa kuwa baraza lilisahau kwamba diwani kiziwi atahitaji mkalimani.

Kisha ikaja hoja ya kukarabati soko. Varanda ivunjwe, yajengwe maegesho ya magari, na mafundi washushwe kwenye stoo ya chini ya ardhi isiyo na hata dirisha. Kwa fundi mwingine ingekuwa kero tu. Kwa hawa ni kuzibwa mdomo, kwani gizani mkono hausemi kitu. Shangazi aliyaeleza hayo yote barazani, nami nikayatamka. Walimsikiliza kwa heshima. Vichwa vikatikiswa kwa huruma, diwani mmoja akafuta machozi. Nikasema moyoni, hapa tumeshinda.

Mwenyekiti akagonga meza. "Wanaoafiki hoja waseme ndiyo!"

"Ndiyooo!"

"Wasioafiki waseme siyo!"

Shangazi akainua mkono juu kabisa. Nami nikamsemea: "Siyo!"

"We kijana!" Mwenyekiti akanigeukia. "Wewe si mjumbe. Sauti yako isiingie kwenye kura."

"Si yangu, Mheshimiwa. Ni ya diwani."

"Diwani atoe yake mwenyewe. Kanuni ni moja kwa wote. Walioafiki wameshinda."

Kanuni moja kwa wote! Waliitunga watu wenye sauti, wakaipima kwa makoo yao, kisha wakamkaribisha mtu asiyesema kwa mdomo na kumpigia makofi. Walimpa kiti, kura wakabaki nayo. Nikaanza kumfasiria, na shangazi hakungoja nimalize. Alisimama, akaenda hadi mlangoni, akazima taa.

"Nani kakata umeme?" mtu akafoka.

Akawasha. Akazima. Akawasha tena. Nyumbani kwa viziwi ndivyo watu wanavyoitana: chezesha taa, kila uso utageuka. Na kweli wote wakageuka. Akainua mkono wake, akauacha huko huko juu.

"Mama, unafanya nini?" Mwenyekiti alimuuliza huku akiniangalia mimi.

"Anapiga kura," nikasema. "Anataka mikono ihesabiwe."

Katibu akapekua kanuni, akakohoa. Mjumbe yeyote anaweza kudai hivyo. Kumbe ilikuwemo humo siku zote, na hakuna aliyejisumbua kumwambia.

Mikono ikahesabiwa. Yule aliyefuta machozi aliikunja yake kifuani. Upande wetu ilisimama mitatu, na tukaangushwa vilevile.

Tuliporudi varandani, Mrefu hakutuacha hata tukae. "Mheshimiwa, tumeshinda?"

"Tumeshindwa," shangazi akajibu kwa mikono.

"Sasa hicho kiti ni cha nini?"

"Cha kukalia."

Wakacheka, ila kicheko hakikufika mbali. Shangazi akaendelea: "Mlinituma peke yangu. Mtu mmoja anahurumiwa, anahesabiwa, imeisha. Kikao kijacho watapigia kura fedha za ujenzi. Tufunge mashine, tuwachukue na wasioona na wa viti vya magurudumu, tujaze yale mabenchi ya wananchi."

"Tukasikilize nini?" Mrefu akauliza, na hapo walicheka hadi mmoja akaangusha mkasi.

"Hatuendi kusikiliza. Tunaenda kuwatazama usoni wakiinua hiyo mikono yao."

Hakuna aliyekubali. Mmoja ana sare za shule za kumaliza, mwingine anaogopa kuwaudhi wakubwa wa soko. Shangazi hakubishana nao. Alinivuta tukashuka kuiona stoo.

Ngazi zilikuwa na unyevu, na chini palinuka magunia yaliyooza. Nilihisi anasema kitu, lakini sikuona kitu. Nikawasha tochi ya simu, nikammulika vidole.

"Hata wakituleta humu," alikuwa anasema, "hatutakaa."

Sijui kama yalikuwa matumaini au amri. Kabla sijamjibu, Mrefu, ambaye hatukujua kwamba ametufuata, alijisogeza kwenye mwanga ili naye aonekane. Akauliza kikao kinaanza saa ngapi.