Lupe na tovuti iliyogombanisha kwaya mbili

Saa tano asubuhi, Jumamosi. Lupe Vainikolo ameketi chumba cha nyuma cha duka la vyakula mjini Neiafu, kwenye kisiwa kimoja cha bahari ya kusini, kidole kimesimama hewani juu ya kompyuta. Hakibonyezi. Chai imepoa, na mbele yake programu inamuuliza swali lile lile tangu juzi: nani mshindi?

"Si ubonyeze tu?" anauliza Sosaia Lolohea, mwenye duka, juu ya ngazi, akipanga makopo ya nyama.

"Nikibonyeza, kesho kanisani nitakaa wapi?"

Sosaia anarudi kwenye makopo yake.

Lupe, mwenye miaka arobaini na mmoja, anatengeneza tovuti ndogo za matangazo. Si zile tovuti kubwa za makampuni, la. Hizi zake zina ukurasa mmoja au miwili, za bidhaa moja tu, zinafunguliwa wiki mbili tatu kisha zinafungwa, kama kibanda cha sikukuu. Anachagua kiolezo kwenye programu ya masoko, anaweka picha, maneno na fomu ya kujiandikisha, anachapisha, halafu anawatumia watu kiungo kwenye simu.

Zamani alichapa mabango ya misiba na harusi. Programu hii alijifunza mwenyewe kwa miezi minane, kwa mtandao unaokatika kila mvua ikinyesha. Tovuti moja humpa pa'anga mia nne, fedha ya hapa. "Na makopo mawili, kama Sosaia ameamka vizuri," anasema.

Safari hii kuna zaidi. Sosaia amemwekea jaribio: watu mia tatu wakijiandikisha kwenye bahati nasibu ya nyama ya kopo kabla duka halijafungwa leo saa nane mchana, Lupe anapata kazi ya mwaka mzima. Wasipofika, kazi inakwenda kwa kampuni moja ya Auckland, naye Lupe atapanda ndege kumfuata mumewe, Kitione, anayechuma machungwa Australia.

"Kitione kila siku ananiambia njoo, njoo," anasema Lupe. "Namuuliza, mama yangu miguu inamsumbua, nimwachie nani? Kuku?"

Mpaka asubuhi hii wamejiandikisha watu mia mbili themanini na wanane. Tangu jana hajaongezeka hata mmoja, na sababu Lupe anaijua.

Alitaka tovuti ipendeze, akaweka picha ya kwaya, maana Neiafu nani asiyependa kwaya? Lakini kwaya kubwa ni mbili, ya kanisa la kilimani na ya kanisa la bandarini. Kuweka moja na kuiacha nyingine ni kukosa adabu. Programu ikamuuliza kama angependa kutumia picha mbili. Akafurahi, akajibu ndiyo.

"Nilidhani zitapokezana. Leo hawa, kesho wale, kama zamu ya kufagia kanisa."

Kumbe programu ilikuwa ikizishindanisha. Nusu ya simu zilipewa kwaya ya kilimani, nusu nyingine ya bandarini, na simu ikishapewa kwaya yake haibadilishiwi. Ndani ya nyumba moja mume akaona hawa, mke akaona wale. Mwimbaji mmoja wa besi alileta simu yake dukani akidai imehama kanisa bila kumwambia.

Fomu nazo zikajaa lawama. Mmoja, kwenye nafasi ya jina, aliandika: "Tuko watatu na tumekasirika."

Na programu haikubali kuacha mashindano bila mshindi. Lupe asipochagua, itachagua yenyewe kesho Jumapili saa tatu, watu wakiwa ibadani, siku ambayo hapa hata kufua nguo ni kosa, seuze kufungua kompyuta.

Mlango unafunguliwa. Anaingia Heilala, dada mkubwa wa baba yake Sosaia, mkeka wa heshima umefungwa kiunoni, nyuma yake wanawake wanne wa kwaya ya bandarini. Sosaia anateremka haraka kwenye ngazi. Neno la shangazi kwa watoto wa kaka yake halina rufaa.

"Sosaia."

"Naam, shangazi."

"Duka hili alilijenga nani?"

"Babu, shangazi."

"Babu aliimba wapi?"

"Bandarini, shangazi."

"Sasa hawa wanaonifungulia midomo kwenye simu yangu ni akina nani?"

Sosaia anamwonyesha Lupe kwa kidevu. Shangazi anageuka. "Haya wewe, sema."

"Shangazi, programu inataka mshindi. Nikiwachagua nyinyi, mama yangu anaimba kilimani, nyumbani sitapewa chakula. Nikiwachagua wao..."

"Hapa hutoki."

"Ndiyo hivyo, shangazi."

Shangazi anaitazama kompyuta. "Kwani mnauza nini?"

"Nyama ya kopo."

"Naona meno ya watu ishirini, nyama sioni. Weka kopo. Kopo halina kanisa."

Lupe anacheka mpaka anafuta machozi. Anapiga picha ya kopo, anaiweka badala ya kwaya ya kilimani, kisha anaiweka badala ya kwaya ya bandarini. Sasa programu ichague inavyotaka. Anabonyeza kuchapisha.

Wanawake wanne wanasimama mstari, simu mkononi, wanachunguliana. "Kopo." "Kopo." "Hata kwangu kopo!" Wanajiandikisha palepale, wanawapigia dada zao, na dada zao wanawapigia wa kilimani kuhakikisha nao wameona kopo tu.

Saa saba na nusu, mia mbili tisini na tisa. Saa nane kamili, mia tatu kumi na saba.

Sosaia anampa Lupe mkono. "Kazi ni yako, mwaka mzima."

"Lakini kila tovuti niione mimi kwanza," anasema shangazi, naye hapingwi.

Lupe anampigia mumewe kumwambia haendi. Kitione anauliza kama anaweza kurudi yeye basi. "Njoo," anaambiwa, "ila picha yako siiweki kwenye tovuti."

Anafunga kompyuta na kutaja mpango wake: mwakani, kazi ikiongezeka, ataajiri msaidizi mmoja wa kuchagua picha.

"Nataka mtu asiye wa kanisa lolote la hapa," anasema. "Nimetafuta kisiwa kizima. Bado natafuta."