Mikono ya Mama Ndani ya Unga

Siku za kupima mafuta, sisi wa maabara hatujipaki kitu. Si losheni, si rangi ya mdomo. Tunatafuta chembe za mafuta yanayotokana na petroli ndani ya chakula cha watoto: uji wa pakiti, biskuti, unga. Ukijipaka asubuhi, mashine inakuona wewe badala ya chakula. Basi mimi huingia kazini hapa Homa Bay nimepauka kama ukuta wa udongo, na kila nilipopita kwake jioni, Mama hakuweza kuvumilia.

"Yawa, nyathina, mtoto wangu, unatoka hivyo mbele za watu? Si watasema nilikuzaa nikakutupa!"

Halafu akanivuta mkono na kunipaka mwenyewe mafuta ya mgando, yale ya kukamulia ng'ombe. Kwake Oyugis kopo la mafuta hayo halikuondoka dirishani.

Mwanangu alipofika miezi mitatu, Mama alimtengenezea unga wake wa kwanza. Mapema mno, lakini nani angemwambia? Wimbi, mtama, karanga kidogo, na omena, dagaa wa ziwani, aliowachagua mmoja mmoja. "Akifika miezi sita nitamlisha mwenyewe," akasema. Hakuwahi. Mtoto alikuwa na miezi mitano tulipomzika Mama, nami nikabaki na mkebe mmoja wa ule unga.

Ningempa tu. Haki, ningempa bila kuwaza, kama si kazi hii. Lakini nipime chakula cha watoto wa watu, halafu cha wangu nifumbe macho? Nikachota vijiko viwili, nikapeleka maabara.

Mstari kwenye skrini unatakiwa ulale chini. Huu uliinuka ukawa mlima mpana, alama ya mafuta ya petroli. Nilipandwa na hasira, nikamlaani mwenye mashine ya kusaga aliyemsagia Mama, pamoja na grisi yake. Jumamosi nikaenda kwake, nikaomba unga wa mteja mwingine, nikaupima. Safi. Nikapima omena waliobaki jikoni kwa Mama. Safi.

Ndipo nikakumbuka alivyokuwa akichanganya. Mwiko hakuutaka. Alinawa, kisha akajipaka mafuta mpaka viganja ving'ae, ili magamba ya ngozi yake kavu yasidondokee chakula cha mjukuu, halafu akazamisha mikono yote miwili kwenye beseni. Kopo lake nilikuwa nimelichukua baada ya matanga. Nikapima tone moja. Mlima ulikuwa uleule.

Mwenzangu wa kazi akauliza kama sampuli imeharibika. Nikamwambia ndiyo, nikatoka nje kulia.

Mtoto sikumpa. Unga ule niliupika nikaunywa mwenyewe, kila asubuhi kikombe kimoja, mpaka mkebe ukaisha, na kila asubuhi nilimtaka Mama. Nilimtaka aje anigombeze. Mwanangu nilimchanganyia mwingine, kwa mwiko, mikono yangu imekauka. Siku aliyotimiza miezi sita nilimlisha kijiko cha kwanza. Akakunja uso, akameza, akafumbua mdomo tena.

Kisha nikamwogesha, nikalifungua kopo la bibi yake, maana ngozini mafuta hayana neno. Mfereji uliochongwa na kidole cha Mama ndani ya mafuta bado ulikuwepo, upande mmoja.

Nikachota upande wa pili.